Mji wa Watu Laki Tano

Ndugu msomaji, safari yetu ya Jumapili hii haidai nauli wala pasi. Mji tutakaouzuru hauna stesheni ya kushukia, wala haumo katika ramani ya nchi yoyote duniani. Umo ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao SimCity, uliotolewa Marekani mwaka 1989, ambao mwaka 1991 kampuni ya Nintendo ya Japani iliutia katika mtambo wake wa kuchezea nyumbani, Super Nintendo. Miji mingine huikuta imejengwa na waliotutangulia. Huu hujengwa na mgeni mwenyewe, na usipokuwa tayari kuujenga hutauona.

Unapowasili hukuti mtu. Mbele yako pametandazwa ardhi ya miraba 120 kwa 100, yaani miraba 12,000 kwa jumla: nchi kavu, misitu, na maji yanayopita katikati au yanayolamba kingo. Kalenda inasoma mwaka 1900. Mfukoni una dola 20,000 ukichagua ngazi rahisi, 10,000 ukichagua ya kati, na 5,000 tu ukijitia ushujaa. Katika toleo la Nintendo majira yakibadilika miti nayo hubadili rangi, na mwenyeji wako ni bwana mmoja mwenye nywele za kijani, Dokta Wright, ambaye hujitokeza kukushauri, kukuonya, na pengine kukupongeza. Wewe ndiwe meya. Hukuchaguliwa na mtu, kwa maana hapakuwa na mtu wa kukuchagua.

Kazi yako ni kuvuta watu. Makazi yako huanza yakiitwa kijiji. Watu wakifika 2,000 kijiji hupandishwa cheo kuwa mji mdogo, wakifika 10,000 huwa mji kamili, 50,000, mji mkuu, 100,000, jiji. Kutoka hapo hadi daraja la mwisho ni mwendo mrefu kuliko yote uliyopita, kwa sababu cheo cha mwisho, Megalopolis, neno la Kiyunani lenye maana ya mji mkubwa mno, hakitolewi mpaka watu wawe laki tano. Wengi walioucheza mchezo huu katika miaka ya tisini waliona laki moja, wakaona laki mbili, wakachoka. Waliofika laki tano walipaswa kwanza kujifunza jinsi mji ule unavyofikiri, kisha wakapaswa kuamua jambo ambalo nitalieleza, maana ndilo lililonifanya niishike kalamu.

Lakini kwanza tumtaje aliyeubuni. Ni Mmarekani aitwaye Will Wright. Mwaka 1984 alikuwa ametoa mchezo mwingine, Raid on Bungeling Bay, ambamo mchezaji huendesha helikopta na kuvipiga mabomu viwanda vilivyo visiwani. Alipokuwa akivichora visiwa vile, barabara zake na majengo yake, Wright aligundua kwamba kuvijenga kunampendeza kuliko kuviangamiza. Akaanza kusoma habari za mipango ya miji. Akakipata kitabu cha Jay Forrester wa chuo cha MIT, *Urban Dynamics*, cha mwaka 1969, kilichojaribu kuueleza mji kwa hesabu: nyumba, ajira na watu vikivutana na kusukumana kama maji katika mabomba. Wright alikigeuza kitabu cha hesabu kuwa mchezo. Wachapishaji walisitasita. Mchezo gani huu, usio na mshindi wala mshinde? Ndipo mwaka 1987 yeye na Jeff Braun wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Maxis.

Mwaka 2008 maandishi ya programu ile ya mwanzo yaliwekwa hadharani kwa jina la Micropolis, yaende pamoja na kompyuta ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule wa nchi maskini. Tangu hapo mtu yeyote mwenye subira ameweza kufunua kifua cha mji na kutazama moyo unavyopiga. Mengi nitakayokueleza yanatoka humo. Toleo la Nintendo limepambwa zaidi, lakini ukoo ni mmoja.

Hujengi nyumba katika mji huu. Unatenga maeneo tu, kila moja likichukua miraba tisa, tatu kwa tatu, nayo ni ya namna tatu: makazi, biashara na viwanda. Ukishatenga na kuleta umeme na njia, watu huja wenyewe wakajenga, au wakakataa. Kila mara programu hufanya jaribio dogo lenye hekima: hutoka katika eneo la makazi na kujaribu kusafiri hadi eneo la biashara, hutoka katika biashara kwenda viwandani, hutoka viwandani kurudi makazini. Safari ikishindikana ndani ya miraba kama 30 hivi, eneo lile hudorora. Kwa maneno mengine, mji hukua pale mtu anapoweza kufika kazini na kurudi nyumbani. Yeyote aliyewahi kusimama kituoni saa kumi na moja jioni akisubiri daladala haitaji kompyuta kumfundisha hilo, lakini inapendeza kuona kwamba mtungaji naye alilijua.

Hapa ndipo penye siri ya kwanza ya wajenzi wa miji mikubwa: hawajengi barabara. Barabara hugharimu dola 10 kwa mraba na reli dola 20, na matunzo ya reli ni mara mbili ya yale ya barabara. Mgeni mwenye fedha kidogo hukimbilia barabara. Baada ya miaka michache magari hujaa, moshi hupanda, thamani ya ardhi hushuka, na wananchi hulalamika. Katika hesabu za mchezo, reli haina msongamano hata chembe wala haitoi moshi. Treni moja hupakia mji mzima. Ni uongo, bila shaka, na yeyote aliyepanda treni ya asubuhi atacheka. Lakini ni uongo unaoelekea upande mwema, nami nausamehe.

Siri ya pili ni umbo la vitumbua. Ukipanga maeneo tisa katika mraba, matatu kwa matatu, na kuuzungushia reli, lile la katikati haliguswi na njia, kwa hiyo halitakaliwa. Mjenzi mjuzi huliacha wazi. Hupanda maeneo manane pembeni, na katika tundu la katikati huweka bustani, kituo cha polisi au zawadi alizopewa na wananchi, almuradi kitu cha kuinua thamani ya ardhi inayokizunguka. Ukiutazama mji wa namna hii kutoka juu utadhani sinia la mpishi asiyechoka: kitumbua baada ya kitumbua, safu baada ya safu, hadi ukingo wa ramani.

Ya tatu sipendi kuitaja, lakini safari ni kusema uliyoyaona. Viwanda hutoa moshi, na moshi hufukuza watu. Kwa hiyo viwanda na mitambo ya umeme wa makaa ya mawe hupangwa ukingoni kabisa mwa ramani, kwa sababu sehemu ya moshi wake hupotelea nje, mahali ambapo hesabu haifiki. Huko nje hakuna mtu, wala mto, wala shamba. Ramani imekwisha.

Mengine nayapita mbio. Ujambazi huzidi pale watu wanaposongamana na ardhi ikawa ya thamani ndogo, nao hupunguzwa na polisi. Makazi yakifikia kiwango fulani wananchi hudai uwanja wa michezo. Viwanda hudai bandari. Biashara hudai uwanja wa ndege. Usipowapa, ukuaji husimama kana kwamba umegonga ukuta. Yapo mafuriko, matetemeko ya ardhi, moto, na dude kubwa la kutisha ambalo katika programu ya awali hulifuata eneo lenye moshi mwingi kuliko yote. Wajapani walimfanya dude yule kuwa Bowser, adui wa Mario, na watoto humpenda hata anapowabomolea.

Sasa tufanye hesabu, maana huu ni mji wa hesabu. Kwa kanuni za programu ile, eneo la makazi lililojaa kabisa huhesabiwa watu 800. Ili kupata laki tano unahitaji maeneo yasiyopungua 625, yote yamejaa hadi juu, yaani miraba 5,625, karibu nusu ya ramani nzima kabla hujaweka reli moja, kituo kimoja cha polisi, au kuondoa mto usioweza kukaliwa. Na maeneo hayajai yote. Kila mraba una bei.

Tena lipo jambo la kuchekesha. Idadi ya watu inayoandikwa katika kioo haitokani na nyumba peke yake. Programu hujumlisha makazi, ikaongeza maduka, ikaongeza na viwanda, vyote kwa kipimo cha vichwa vya watu. Ni kama karani wa sensa amhesabu mtu mmoja usiku anapolala Magomeni, kisha amhesabu tena mchana anapouza duka Kariakoo. Mji ukiwa na mizani nzuri kati ya kazi na nyumba, zile laki tano ni kama laki mbili na nusu za watu waliolala kitandani. Bado ni wengi. Lakini meya mwenye majivuno afahamu kwamba nusu ya raia wake ni kivuli cha ile nusu nyingine.

Ndipo tunapofika kwenye lile jambo.

Katika mji huu, meya hajengi hospitali. Haimo katika orodha ya vitu vya kununua. Hospitali huja yenyewe: umetenga eneo la makazi, bado ni tupu, na badala ya nyumba kuota, huota hospitali. Vivyo hivyo, katika programu ya awali, kanisa. Na katika toleo la Nintendo, shule. Hukuiomba, hukuilipia, na wagonjwa wake hawaonekani. Programu huweka hesabu yake kimyakimya: kila makazi ya mji mzima yanapoongezewa wakazi 5,120, mji hustahili hospitali moja na nyumba ya ibada moja. Mji wenye laki mbili na nusu katika makazi yake huwa na haki ya hospitali 48, na idadi iyo hiyo ya zile nyingine. Jumla 96.

Na hospitali haina mkazi. Katika hesabu ya watu ni sifuri. Shule nayo sifuri. Maeneo 96, ambayo yangejaa nyumba yangebeba watu 76,800, yamekaa pale yakiwa na msalaba au mlingoti wa bendera, na hayaongezi hata kichwa kimoja. Wala kuwapo kwake hakupunguzi magonjwa, maana hakuna magonjwa. Hakuongezi elimu, maana mchezo huu haupimi elimu. Ukizibomoa zote hakuna kitakachoharibika. Dokta Wright hatasema neno. Wananchi wanapoulizwa kero zao hutaja ujambazi, moshi, kodi, bei ya nyumba, msongamano, ukosefu wa kazi, hospitali hawaitaji.

Basi kila mwenye kuitafuta laki tano hufikia siku ambayo reli zimekwisha, ramani imejaa, idadi imekwama laki nne na ushei, naye hulishika tingatinga na kuanza kuzivunja shule. Ndiyo njia inayojulikana, na wachezaji hushauriana juu yake bila haya. Wala kazi haiishi kwa pigo moja. Ukishabomoa, unalitenga upya eneo lile, ni tupu, mji bado unadai haki yake, na mara nyingine hospitali huota tena palepale. Unabomoa, inarudi. Unabomoa, inarudi. Nimewatazama watoto wa miaka kumi na miwili wakiifanya kazi hiyo kwa utulivu wa mtu anayepalilia mahindi.

Utaniambia, ndugu msomaji, kwamba ni mchezo tu, na majengo yale ni vidoa vya rangi. Kweli. Lakini Wright mwenyewe amewahi kumtaja mwandishi wa Poland, Stanisław Lem, miongoni mwa waliomwathiri: hadithi moja ya Lem, iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1965, inasimulia fundi aliyemtengenezea mfalme dhalimu aliyefukuzwa nchini mwake ufalme mdogo ndani ya sanduku, wenye raia wadogo, apate kuutawala ajifurahishe. Fundi aliporudi nyumbani mwenzake alimuuliza swali: je, una hakika hawaumii? Raia wa SimCity hawaumii, hilo nina hakika nalo. Ninachokitilia shaka ni mkono wa meya. Mkono huzoea. Ukishajifunza kuiona shule kuwa ni nafasi iliyopotea katika jedwali, jicho lile hulizimi pamoja na mtambo.

Wala mji huu haukubaki siku zote katika vyumba vya watoto. Mwaka 1990, huko Providence katika jimbo la Rhode Island, gazeti la mji liliwaalika waliokuwa wakigombea umeya waucheze mchezo huu, kisha likawaeleza wasomaji jinsi kila mmoja alivyoitawala Providence ya bandia. Ni mzaha, lakini ni mzaha wenye meno: wapiga kura wa kweli walimsoma mgombea wa kweli kwa namna alivyogawa miraba.

Aliyelipeleka jambo hili hadi mwisho wake ni Mfilipino, Vincent Ocasla, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu wa majengo. Yeye alitumia toleo la baadaye, SimCity 3000, la mwaka 1999, lenye ramani kubwa na majengo marefu zaidi. Kwa muda wa miaka karibu minne alipiga mahesabu katika karatasi na kujenga, akijaribu kupata idadi kubwa kabisa ya watu inayoweza kuingia katika ramani moja, na mwaka 2010 akauonyesha ulimwengu mji alioupa jina la Magnasanti. Watu milioni 6. Hakuna barabara, watu husafiri chini ya ardhi. Hakuna jengo lililoachwa tupu. Mpangilio wake ni sawasawa kila upande, kama zulia lililofumwa. Polisi wametapakaa kila mahali na ujambazi umekwisha. Na raia wa Magnasanti hufa mapema, wakiwa na miaka hamsini hivi, kwa sababu huduma zile ambazo hazikuhitajika ili idadi ipande hazikuwekwa. Hawahami. Hawaandamani. Ocasla hakuujenga kwa kujisifu. Alisema aliathiriwa na filamu ya Godfrey Reggio ya mwaka 1982, *Koyaanisqatsi*, inayoonyesha maisha yaliyopoteza mizani, na mji wake aliukusudia uwe onyo. Mimi nilipoutazama mara ya kwanza, nakiri, nilisema ni mzuri. Kutoka juu ni mzuri sana.

Ukitaka kwenda, nakushauri ufanye hivi. Usianze na zile siri. Chagua ramani yenye mto, ingawa mto utakula nafasi. Jenga kituo kimoja cha umeme, maeneo machache, reli fupi, kisha uuache mwaka upite huku ukitazama vibanda vya kwanza vikiota. Hakuna saa tamu katika mchezo wote kuliko ile ya watu mia mbili wa kwanza. Wafikapo 2,000, katika toleo la Nintendo, utaletewa zawadi ya nyumba ya meya uichagulie mahali. Iweke karibu na maji. Keti na wanao au wadogo zako, mpokezane, na kila mmoja awe na mtaa wake. Hospitali ya kwanza itakapoota watakuuliza imetoka wapi, na utakuwa na la kuwaeleza.

Nawe ukiwa na kiburi cha kuitaka laki tano, utafika. Itakuchukua majuma, pengine miezi. Idadi itapanda kwa kusuasua, itashuka, itapanda tena. Utaongeza polisi, utahamisha kiwanda, utabadili barabara ya mwisho iliyosalia kuwa reli. Kisha jioni moja Dokta Wright atajitokeza na habari kwamba mji wako sasa ni Megalopolis, na wananchi wamekutunuku sanamu ya Mario uisimamishe popote utakapo. Utatafuta mahali. Hapatakuwapo, ramani imejaa, kitumbua kwa kitumbua. Itakubidi uvunje kitu. Na wakati unatazama, mwezi utageuka, na upande wa kusini, kando ya reli, katika eneo ulilolitenga upya juzi, itakuwa imeota shule. Tingatinga lipo pembeni mwa kioo, nalo hutoza dola moja kwa kila mraba.